Majogoo Watatu wa Mtaa wa Narung'ombe

Manyoya ya kuku yakimwagiwa maji ya moto hutoa harufu isiyofanana na nyingine. Ni nzito na ina unyevu, kama blanketi kuukuu lililolowa mvua kisha likaanikwa karibu na moto. Wengi wakipita huziba pua. Mimi husimama.

Wiki mbili zilizopita nilisimama hivyo Kariakoo, kule wanakouza kuku wa kienyeji kwenye matenga. Mjukuu wangu Neema alikuwa amenishika mkono, maana wasukuma mikokoteni wa pale hawachagui mzee wala kijana. Muuzaji, kijana mwenye kofia ya kufuma na aproni iliyolowa hadi magotini, alikuwa kando ya pipa la maji yanayochemka.

"Shikamoo, mzee wangu. Hao wawili nikuchinjie hapahapa?"

"Marahaba," nikamjibu, macho yangu yakiwa bado kwenye pipa.

"Babu, anakuuliza," Neema akaninong'oneza. "Achinje?"

"Hapana. Awafunge miguu tu. Nawachukua wazima."

Neema alinitazama kama nimemwambia tunapanda na mbuzi kwenye lifti. Yeye anakaa ghorofa ya nne na hajawahi kumshika kuku mwenye macho. Sikumweleza kitu. Lakini ninyi nitawaeleza, kwa kuwa jambo hili nimelikalia zaidi ya miaka hamsini, na mtu wa umri wangu hana sababu tena ya kujipamba.

Tulikaa Mtaa wa Narung'ombe, katika nyumba ya Mzee Shomari. Ilikuwa kama nyumba zote za Kariakoo kabla ya maghorofa: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma uani, penye bomba, jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Mzee Shomari alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu ambaye baba yake na babu yake walizikwa hukuhuku mjini. Alishona kanzu barazani kwa cherehani ya miguu, na mlio wa cherehani ile ndio uliokuwa saa yetu. Ikinyamaza mchana, tulijua amekwenda kuswali adhuhuri. Mkewe, Bi Zena, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Waliishi na mjukuu wao, Salumu, tuliyelingana umri. Tulikuwa na miaka kumi.

Sisi tulikuwa Wachaga wa Machame, Walutheri. Baba alikuwa na duka dogo la masufuria karibu na soko, na tulipanga vyumba viwili vya upande wa kushoto. Mimi niliitwa Eliamani, ila uani hapo hakuna aliyekuwa na muda wa jina refu kiasi hicho. Nilikuwa Eli, na Salumu akikasirika nilikuwa "we Mchaga".

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Kila mnyama aliyeliwa mle ndani, awe kuku wa mgeni au mbuzi wa sikukuu, iwe Idi, Pasaka au Krismasi, alichinjwa na Mzee Shomari. Kwa hiyo sahani yoyote iliweza kuingia chumba chochote bila mtu kuuliza swali. Mama naye hakuwahi kuingiza nyama ya nguruwe. Baba akiitamani alikwenda kula kwa rafiki yake Temeke, na akirudi Mama alimsimamisha bombani asukutue kwanza, yeye na masharubu yake, ndipo apite ukumbini. Mwezi wa Ramadhani ukifika, sahani ya kwanza ya futari ya Bi Zena ilikuja kwetu, ijapokuwa sisi tulikuwa tumeshiba tangu mchana. Nadhani nilikuwa Mlutheri mdogo kuliko wote pale mjini aliyekuwa akitazama juu kuusubiri mwezi uandame, kwa ajili ya tambi na mihogo ya nazi.

Kisu cha Mzee Shomari kilikaa juu ya mlango wa jiko, kimeviringishwa kitambaa. Siku ya kuchinja alikitoa kama anayemtoa mtoto kitandani. Alimpa kuku maji kwanza. "Asiondoke na kiu," alisema. Akamgeuza kuelekea kibla, akalitaja jina la Mungu, akapitisha kisu mara moja tu. Kisha alikiosha, akakifuta, akakiviringisha tena. Salumu na mimi tulikuwa tumekatazwa hata kukitazama sana.

Kwa kawaida Krismasi ilitukuta Machame. Wachaga tukiondoka mwezi huo, Mzee Shomari alituaga kwa utani. "Nendeni, nendeni! Acheni Kariakoo ipumue. Ila mkirudi na ndizi, baraza ni yenu." Mwaka ninaousema hatukwenda. Mama alikuwa na mimba ya kujifungua mwezi unaofuata, na Bi Zena, aliyemkanda kila jioni, alikataa katakata.

"Mwanangu, tumbo hilo halipandi basi la Moshi. Uchungu ukikushika njiani nani atakupokea, kondakta?"

Basi tukabaki, na Baba akasema ikiwa ni hivyo, nyumba nzima itakula Krismasi yake. Alinunua majogoo watatu wekundu, akaalika kila mlango.

Mimi nilikuwa na donda langu. Mwaka uliotangulia, kule Machame, binamu zangu walishika kisu siku ya mbuzi, na mimi nikapewa kubeba ndoo. "Mtoto wa mjini," walinicheka. "Huyu akiona damu ataita polisi." Niliibeba ile ndoo mwaka mzima kichwani.

Asubuhi ya Krismasi Baba alikwenda ibadani. Mama alibaki kwa sababu ya tumbo, nami nikabaki kumsaidia. Alikuwa anakaanga vitunguu vya pilau.

"Eli, wapeleke hawa majogoo kwa Babu Shomari. Na umsalimie kwanza, usianze na kuku."

Nilikwenda. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa ametoka tangu alfajiri kwenda mazishini Ilala. Bi Zena alikuwa amekwenda sokoni kutafuta nazi, Salumu alikuwa chuoni akisoma Kurani. Nilisimama uani na majogoo watatu waliofungwa miguu, na juu ya mlango wa jiko nikakiona kile kitambaa.

Ningeweza kurudi kumwambia Mama. Ningeweza kutoka nje na kumwomba mtu yeyote, maana mtaa ulijaa Waislamu, na muuza kahawa alikuwa hatua ishirini tu kutoka barazani petu. Hayo yote niliyajua. Nilipanda juu ya kinu, nikakishusha kisu.

Sitawapambia. Nilichinja vibaya. Sikuwapa maji, sikuwageuza popote, na jina la Mungu halikunijia hata kwa namna yetu ya Kilutheri. Jogoo wa kwanza na wa pili niliwakata kama mtu anayekata muwa, vichwa vikatoka kabisa. Wa tatu alinichomoka nusu ya kazi, kamba ikamfunguka miguuni, akaruka uani kote huku anamwaga damu, akapita chini ya nguo zilizoanikwa na kuiacha kanga ya Bi Zena na madoadoa. Nilikuwa namfukuza nikiwa na kisu mkononi ndipo Salumu akaingia na ubao wake wa chuoni.

"Eli! Unafanya nini?"

"Nisaidie kumkamata!"

Akanisaidia. Tukamkamata pamoja nyuma ya choo, nikammaliza. Salumu alivitazama vile vichwa viwili chini, akanitazama mimi.

"Babu yuko wapi?"

"Hayupo."

"Nani kachinja?"

Nikakificha kisu mgongoni. Akashusha sauti. "Eli, bibi yangu atakula hawa."

"Hatajua. Usiseme, Salumu. Ukisema, Baba ataniua."

Niliosha kanga, nikavitupa vile vichwa kwenye pipa la taka, nikakiviringisha kisu harakaharaka, nikampelekea Mama majogoo. "Babu kachinja?" aliuliza bila kugeuka. "Ndiyo," nikasema. Akamwaga maji ya moto, na ile harufu ya manyoya ikajaa jikoni.

Mikeka ilitandikwa uani. Pilau ilinukia hadi barabarani. Bi Zena, aliyedhani mumewe alichinja kabla ya kutoka alfajiri, alikula kwa raha na kuwachekesha watu. "Mama Eli, Krismasi kumbe ndiyo hii? Mbona mlikuwa mnaificha Moshi?" Salumu alikaa kando yake, amekunja uso. Alisema tumbo linamuuma, akanywa soda tu. Mara moja alimvuta bibi yake mkono.

"Bibi, usile sana. Hao kuku wagumu."

"Wagumu kwako wewe uliyeng'oka meno! Niache na kuku wangu."

Nilimsukuma Salumu kwa mguu pale mkekani.

Tulikuwa tunakaribia kumaliza Mzee Shomari alipoingia kutoka mazishini, kanzu yake ina vumbi la kaburi pindoni. Mama alinyanyuka kwa shida, ameshika kiuno, akampakulia sahani aliyokuwa amemtengea.

"Karibu, Babu. Kuku wako hawa."

"Wangu?"

"Si umetuchinjia wewe asubuhi?"

Cherehani ilipokuwa ikinyamaza, hatukuogopa. Ukimya wa sasa ulikuwa mwingine. Bi Zena aliacha tonge hewani. Baba aliweka kijiko chini. Mama alibaki amesimama na sahani mikononi, na uso wake sijausahau. Alikuwa ameijenga imani ya watu wale kwa miaka sita, sahani kwa sahani, na mbele ya macho yake ilikuwa inamponyoka. Ikijulikana kwamba Mama Eli amewalisha Waislamu nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu, nani tena angefungua mlango kwa sahani yake? Na ilikuwa imebaki mwezi mmoja tu awahitaji wanawake wale kuliko wakati wowote.

"Eli," Baba akasema.

Wote wakanigeukia. Na mimi, ndugu zangu, nikasema, "Ni Salumu. Babu hakuwepo, ndiyo Salumu akachinja."

Ulikuwa uongo uliomfaa kila mtu. Salumu alikuwa Mwislamu, anajua kuswali, alikuwa amemwona babu yake akichinja mara mia. Ikiwa ni yeye, chakula kilikuwa salama, Mama yuko salama, na mimi niko salama. Aliyebaki na kosa la kugusa kisu alikuwa yeye peke yake.

Mzee Shomari alimtazama mjukuu wake. "Ni wewe?"

Salumu alinitazama mimi, kisha Mama, kisha sahani ya bibi yake iliyokuwa imebaki mifupa.

"Ndiyo, Babu."

"Ulisema nini ulipochinja?"

"Nilisema Bismillahi, Allahu Akbar."

Mzee alikwenda polepole hadi kwenye pipa la taka, akainama, akatazama ndani. Alipita jikoni, akapapasa juu ya mlango. Akarudi.

"Kaa, Mama Eli, usisimame na hali hiyo. Hapa hakuna aliyekula kwa nia mbaya, na hakuna mwenye dhambi kwa asichokijua. Mimi nimekula msibani. Nipe chai tu." Alipomaliza chai alimwita Salumu. "Twende ndani. Kisu changu hakichezewi."

Tulisikia fimbo. Nilihesabu sita, na kila moja Salumu aliilia kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimekaa ukumbini nimekumbatia magoti, nikitaka kunyanyuka na kusema, lakini sikunyanyuka. Jioni ile Bi Zena alikaa barazani akishona mto wa sufi uliopasuka, akiwalaani panya. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili na sikuelewa lolote.

Kesho yake nilimpelekea Salumu biskuti zangu zote za Krismasi, pakiti nzima. Akazikataa. Siku ya pili pia akakataa, na ya tatu. Hakuwa amenuna. Tulicheza gololi kama kawaida, ila kitu chochote nilichomsogezea mchana alikisukuma pembeni. Nikajua ananiadhibu. Siku ya nne alizila zote, hata vipande vilivyovunjika.

Mama alijifungua salama, mtoto wa kike, mikononi mwa Bi Zena. Na wiki ile ile Mzee Shomari alituita uani sisi wawili. Alikuwa na kuku wa mzazi miguuni pake na kisu mkononi.

"Kuanzia leo hii ni kazi yenu. Eli, wewe unashika. Hivi, mabawa na miguu, asiteseke. Salumu unachinja. Hakuna kuku atakayeanguka hapa bila ninyi wawili kuwepo. Mmoja asipokuwepo, tunakula maharage."

Akatufundisha kutoa maji, akatufundisha kibla iko upande gani. Tangu hapo hadi nilipokwenda sekondari ya bweni tuliwachinjia nyumba nzima. Mimi nilishika, yeye akataja jina la Mungu. Watu walitutania. "Wako wapi mafundi wawili?" Nilijivuna kwa kazi ile, na kwa ujinga wangu nikadhani mzee amenipa kwa kuwa amenipenda tu.

Mama alizeeka na kufa bila kujua. Bi Zena vilevile, na Mzee Shomari alitangulia kabla yao. Salumu alirithi cherehani, akahamia Ilala. Tulionana kwenye harusi na misiba. Alikuja kumzika Mama yangu, akasimama nyuma makaburini, amevua kofia kwa sababu aliona wenzake wamevua. Hata siku ile ningeweza kumwambia, lakini nilimshukuru tu kwa kuja.

Kwa hiyo wiki mbili zilizopita nilikwenda kwake na Neema, na wale majogoo wawili kwenye kikapu. Alikuwa barazani. Macho yake yamepungua nguvu, wajukuu ndio wanaomtungia uzi.

"Mchaga! Umeanza biashara ya kuku uzeeni?"

Nilikaa. Nilisema yote kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma barua: kwamba nilimsingizia, kwamba alipigwa fimbo sita zilizokuwa zangu, kwamba nimechelewa na naomba anisamehe.

Salumu alianza kucheka. Alicheka hadi akavua miwani.

"Fimbo gani, wewe? Babu alipiga mto! Alinikalisha kitandani akaniambia, kila nikipiga, lia. Mto ukapasuka, sufi ikajaa chumba kizima, bibi akasema panya."

"Alijua?"

"Alijua alipoviona vile vichwa pipani; mimi nisingekata mpaka kichwa kitoke. Na kitambaa cha kisu ulikiviringisha kinyume."

Nikacheka pia, na mzigo wa miaka yote ukaanza kunitoka mabegani. Lakini yeye alikuwa ameacha kucheka.

"Fimbo hazikuniuma, Eli. Kilichoniuma ni pale aliponiuliza nilisema nini. Nikasema nimelitaja jina la Mungu, na sikulitaja. Mtoto wa miaka kumi, nimesimama mbele ya watu, namsingizia Mungu. Nilifunga siku tatu. Hakuna aliyeniambia nifunge. Niliogopa tu."

Pakiti ya biskuti ilinirudia machoni, mkono wake ukiisukuma pembeni.

"Kwa nini hukusema siyo wewe?"

"Nilimwona mama yako amesimama na ile sahani." Alivaa miwani yake taratibu. "Ila nilikuwa nakusubiri. Kila msiba nilisema, leo atasema. Ulikuwa unanipa mkono, unaniuliza habari za cherehani."

Nilidhani nimemwachia rafiki yangu kipigo, na kipigo hupoa. Kumbe nilichukua kitu alichokiheshimu kuliko vyote, nikakitumia kuficha aibu yangu. Nilikula pamoja nao miaka yote ya utoto na kujiona najua dini yao, kwa kuwa nilijua ladha ya futari na kibla iko upande gani. Lakini sikuwahi kujiuliza lile neno lina uzito gani mdomoni mwa anayelisema. Mzee Shomari alijua kwamba sijui. Ndiyo maana hakunipa mawaidha. Alinipa miguu ya kuku niishike, ili neno likitajwa niwe karibu, nilisikie.

"Nisamehe, Salumu."

Alimwita mjukuu wake alete kisu, na kikombe cha maji.

"Mikono bado ina nguvu?"

"Inazo."

"Basi shika."

Tuliinama uani kwake, wazee wawili wenye magoti mabovu, na Neema kando amefumba macho. Nilishika mabawa na miguu kama nilivyofundishwa. Jogoo alikunywa maji. Salumu alimgeuza, akatulia, kisha akalitaja jina la Mungu kwa sauti kamili, polepole kuliko ilivyohitajika, ili mimi nisikie kila herufi.

Jioni nilirudi nyumbani na nusu ya pilau kwenye kontena, na mikono yangu ilikuwa bado inanuka manyoya. Neema aliniletea sabuni. Nikamwambia asubiri kidogo.